Mamamkwe Alijibu Mahali pa Mwenye Tumbo

Nyinyi mama wenye mimba, musiende kupigwa eko, ile picha ya mtoto tumboni, na mutu wa kuwajibia. Claudette alienda na mamamkwe wake, na kidogo tu akili imuruke.

Ilikuwa kwenye kliniki moja ndogo ya Mbugangari. Kijana wa mashine alimpaka mafuta ya baridi tumboni, akauliza mimba ilianza lini. Claudette hajafungua hata mdomo, mamamkwe, Mama Donatille, akadakia:

"Nyuma ya harusi, docteur. Sisi ni watu wa kanisa."

Bibi harusi wa juzi atambishia vipi mama wa bwana wake?

Kijana akapima kichwa cha mtoto, akakipima tena. Uso ukambadilika. "Kichwa iko kubwa sana kwa hiyo miezi. Labda ni maji kwenye ubongo. Muende hospitali."

Tangu hapo Claudette hakumwamini mtu. Mara alishuku mashine ni mbovu. Mara alishuku kijana anatisha watu ili warudi. Mumewe Cyiza, mvuvi wa Rubona, alipomwambia apumzike, akamshuku na yeye: mbona haulizi kitu? Lakini shaka moja ilimkaa rohoni kuliko zote. Mimba ile ilitangulia harusi. Cyiza alijua. Mama Donatille je? Alijibu kwa kutojua, au alijibu haraka kwa sababu anajua?

Njiani kwenda hospitali akajaribu. "Mama, na kama ile tarehe si yenyewe?"

"We unataka wanifukuze kwenye chorale ya kanisa? Beba mimba yako, mi nitabeba maneno."

Hospitalini daktari Umuhoza alisoma karatasi, akakunja uso. "Kama tarehe hii ni ya kweli, hiki kichwa kinanitia wasiwasi. Itabidi niwatume Kigali. Hedhi ya mwisho ilikuwa lini?"

"Nyuma ya har..."

"Namuuliza mwenye tumbo, mama."

Mamamkwe akamtolea Claudette macho. Mtoto akapiga teke. Claudette akaona kabisa: akinyamaza, mwanawe atatafutiwa ugonjwa kwa sababu ya uongo wa watu wazima.

"Kabla ya harusi," akasema. "Wakati wa dote, siku ya mahari, mimba ilikuwa tayari." Akataja na tarehe ya hedhi ya mwisho.

"Yesu wangu!" Mama Donatille akajifunika uso na kitenge.

Daktari akapima kichwa, tumbo, mfupa wa paja. Akatafuta ule ubongo mdogo wa kisogoni, unaosaidia kujua miezi, akaupima nao, kisha akaangalia mahali maji ya ubongo yanapokaa.

"Mtoto mzima ni mkubwa, si kichwa peke yake. Vyote vinalingana na miezi ya kweli. Maji ni ya kawaida. Ubongo unakua vizuri."

Claudette hakushukuru. "Na kama unanituliza tu? Geuza hiyo televisheni, docteur. Pima tena, na mi nione."

Daktari akacheka, akaigeuza.

"Nani mwingine amesikia?" Mama Donatille akauliza ndani ya kitenge.

"Wewe, mimi na docteur."

Mamamkwe akaenda kufunga mlango vizuri. Akarudi, akasogea hadi kwenye mashine. "Sasa huo ubongo uko wapi?"

Claudette alikuwa anaangalia mkono wa daktari, unaanzia kupima wapi na unaishia wapi.