Fuwele za Damu ya Makene

Makene alikuwa bwana mifugo Kamsamba kwa miaka thelathini na moja, na katika joto lote lile la bondeni hakuna chupa ya chanjo iliyowahi kumharibikia mkononi. Kwa hiyo bintiye Kabula alipopitia nyumbani Tunduma akitokea Lusaka, basi lake likiwa bado kwenye foleni ya forodha, akaweka mezani kisanduku kama cha chanjo na kwenda kuoga, mzee alikigusa akakikuta hakina hata chembe ya ubaridi. Akasonya. Usomi wote huo, halafu chanjo inaachwa iharibike mezani! Akakifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaenda kukifukia katika deli la barafu la jirani yao Mwasiti, muuza samaki.

"Baba, kisanduku kiko wapi?"

"Tulia, mwanangu. Nimeshakuokolea. Kiko kwenye barafu."

Kabula aliketi sakafuni na kanga yake ya kuogea. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtia Makene hofu.

"Si chanjo, Baba. Ni wewe."

Mwaka 2007, Homa ya Bonde la Ufa ilipotoka kwa ng'ombe ikaingia kwa watu, iliwalaza wote wawili, Makene na mkewe Miriamu. Makene aliamka; Miriamu hakuamka. Baadaye Kabula na watafiti wenzake wakaitafuta katika damu yake kingamwili, yule askari wa mwili aliyekikamata kirusi, wakaizalisha kwa wingi. Miaka miwili walihangaika mpaka ikaganda kuwa fuwele, vipunje vidogo kuliko chumvi. Jumamosi, huko Ulaya alikokuwa akivipeleka, vingepigwa miali ya eksirei ili ionekane askari huyo anakishika kirusi wapi, dawa itengenezwe kwa kumwiga. Zamu ya mashine ikipita, nyingine haijulikani. Na baridi ya ghafla huvipasua.

Walikimbia. Mwasiti alifunua deli bila kuuliza. Kabula alifungua kisanduku palepale juu ya meza ya samaki, akainamia lenzi yake, akikagua matone yenye fuwele moja baada ya jingine.

"Imepasuka. Hii nayo. Hii nayo."

Makene alitamani ardhi immeze. Mazoea yana taabu, nayo yake yalikuwa ya miaka thelathini na moja.

Kabula akasogeza lenzi hadi ukingoni. "Mbili nzima, Baba. Za huku pembeni."

Makene aliomba naye aone. Alichungulia muda mrefu vile vipunje viwili vinavyong'aa.

"Mama yako yeye hakuwa na kingamwili hii?"

"Mwili wake ulikuwa umeanza kuitengeneza. Haukuwahi."

Honi ya basi ikalia barabarani. Makene alikibeba kisanduku mwenyewe, kwa mikono miwili, akipita kivulini, na hakumruhusu utingo akiguse. Alikiweka mapajani mwa bintiye.

"Wewe wahi, mwanangu," alisema, akashuka akilia hadharani, na watu wakimtazama.