Nyanya za Chumba cha Chini

Orrin Tveit hakuipenda hata kidogo ile bustani ya mkewe. Lorene alikuwa ameipanda ndani ya nyumba, kule chumba cha chini kilichochimbwa ardhini, mahali ambapo Orrin mwenyewe alikuwa akipiga randa mbao zake kabla hajaugua. Taa zilining'inia kwa minyororo juu ya masanduku ya udongo, zikiwaka mchana kutwa. Orrin alilalamikia taa, akalalamikia unyevu, akalalamikia udongo kwenye ngazi. Ambacho hakukisema ni kwamba pale palikuwa pake, na ugonjwa ulikuwa umempokonya.

Ulikuwa ugonjwa wa kutetemeka. Ulianzia kidole gumba cha mkono wa kulia, ukapanda taratibu hadi kwenye kiwiko. Siku moja ulimfanya amwage kahawa meza nzima mkahawani, mbele ya wazee wenzake aliozoea kukaa nao kila asubuhi, na tangu hapo hakurudi. Akawa anakaa dirishani, mkono kautia mfukoni, akisema barabara zina barafu mno. Barabara za kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, zina barafu kila mwaka, na kila mwaka alikuwa akienda. Lorene aliyajua hayo yote.

Basi Januari hiyo Lorene alitoka kwenda kuwawekea ndege punje, akateleza kwenye ngazi za nyuma, akavunjika kifundo cha mguu. Alirudi kutoka hospitali na plasta ngumu hadi gotini, na onyo kwamba ngazi asizisogelee. Hata kwenye kochi hajakaa vizuri, akaanza kuulizia miche yake.

"Nyanya hata dukani zipo," Orrin alisema.

"Zile ngumu kama mipira? Mzee, shuka ukanimwagilie mimea yangu, la sivyo nitashuka mwenyewe na plasta hii. Nikivunjika shingo, utajua wewe na wanao."

Akashuka huku akinung'unika. Lorene alisogezewa kiti karibu na mlango wa ngazi, akawa anatoa amri kwa sauti kutoka juu. Saladi na figili hazikuwa na matata. Orrin alikata majani kwa mkasi, akayapandisha kwenye bakuli. Nje baridi ilikuwa ya kuua betri za magari, na kule chini kulinukia udongo uliolowa. Akajikuta anakaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyomtaka. Ila nyanya zilimtia wasiwasi. Mashina yalikuwa yamemfika kifuani, yamechanua maua ya manjano, na kila asubuhi alikuta maua mengine yamedondoka.

Alipomwambia mkewe, Lorene alicheka. Huko chini hakuna upepo wala nyuki, akamweleza. Ua la nyanya lisipotikiswa, chavua haimwagiki, na tunda halishiki. Yeye alikuwa akiyatikisa kwa mswaki wa umeme.

"Mswaki upi?" Orrin akauliza.

Lorene alitazama pembeni. "Wako. Lakini nilikuwa nausuuza."

Orrin akaenda nao chini, mswaki ukamponyoka, ukaviringika chini ya masanduku. Alipotaka kuinama kuutafuta, alishika kikonyo cha maua ili asiyumbe, akakishika kwa mkono ule ule mbovu. Maua yakatikisika. Vumbi la manjano, laini kama unga, likamwangukia ukuchani. Orrin akabaki anatazama. Kisha akashika kikonyo kingine, na kingine, mpaka akamaliza safu nzima, na muda wote huo hakuuambia mkono wake utulie.

Alipopanda, Lorene alimuuliza kama mswaki ulifanya kazi.

"Sikuuhitaji."

Lorene aliviona vidole vyake vya manjano. Akaomba aletewe blanketi, ingawa alikuwa nalo magotini, kwa kuwa hakutaka Orrin ayaone machozi yake.

Wiki ile Selmer Haugen, mmoja wa wazee wa mkahawani, alileta bakuli la viazi na nyama vilivyopikwa na mke wake mwenyewe kwa ajili ya Lorene. Orrin akampeleka chini, akaendelea na kazi yake mbele ya mgeni. Selmer aliutazama mkono ule ukitikisa maua.

"Sisi tulidhani umetununia," akasema.

"Mkono huu hauniachi nishike kikombe."

"Na mimi kibofu hakiniachi nimalize hadithi hata moja. Njoo, bwana. Tutakuwa tunakujazia nusu kikombe."

Jumatatu iliyofuata Orrin akaenda. Alimwaga kidogo, Selmer akapangusa bila kukatiza maneno yake.

Nyanya ya kwanza iliiva plasta ikiwa bado mguuni. Orrin alitaka kuichuma ampelekee mkewe, lakini Lorene alikataa. Alitaka kuiona shinani. Akaketi kwenye ngazi ya juu, akateremka kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, mguu wa plasta ukitangulia, Orrin akirudi kinyumenyume mbele yake na mikono kainyoosha. Akachuma mwenyewe, akang'ata, akatafuna polepole.

"Tamu," akasema. "Ngozi ngumu, lakini tamu."

"Ngumu wapi?" Orrin akahamaki, akainyang'anya nusu iliyobaki.

Kushuka kulikuwa kumewezekana. Kupanda ndiko kulikowashinda. Ikabidi Selmer apigiwe simu. Wakamngoja wamekaa juu ya meza ya useremala ya Orrin, bega kwa bega, wakila figili na kubishana kuhusu ngozi ya nyanya.