Tumbo la Nzige

Mama yangu alimpa mume wangu jina la Nzige siku ya kwanza alipomwona akila. Tangu hapo, kila mume wangu akinyoosha mkono mezani, bakuli lilihama. "Waachie na wengine," Mama alisema, na mkwewe, kwa adabu zake zote, alitabasamu na kushusha kijiko. Mimi nilichemka kimoyomoyo.

Kisha tumbo likamwangusha Mama. Alikuwa ametibiwa kifua kwa antibiotiki kali, zikaua bakteria wabaya na wazuri pamoja, akabaki mmoja mkorofi aliyekataa kuhama. Mama alihara hadi akabaki mifupa na macho. Dawa zilipogoma, tukapelekwa kwa mtaalamu wa maabara iliyokuwa ikijaribu tiba mpya: wanachukua choo cha mtu mwenye afya, wanakuza bakteria wake wazuri kwenye chupa zisizopitisha hewa, wanawatia kwenye vidonge, mgonjwa anameza.

"Choo cha nani?" Mama aliuliza. Hakuuliza kama atapona.

"Cha mchangiaji aliyepimwa, mama. Jina lake ni siri."

"Basi awe mtu wa maana. Siwezi kumeza mtu yeyote tu."

Akamteua kaka yangu mwanasheria, ambaye tai yake peke yake ina heshima kuliko ukoo mzima. Kaka akapimwa, akafeli. Kwa miaka alikuwa akibugia antibiotiki kwa kila mafua, na tumboni mwake, mtaalamu alisema, mlibaki jangwa. Mimi nami sikufaa. Mama akazidi kunywea, na daktari akanivuta pembeni kuniambia kwamba hatuna tena muda wa kuchagua tai. Niliogopa sana.

Akapimwa mume wangu. Mtaalamu aliyasoma majibu akitabasamu peke yake.

"Hili si tumbo," alisema, "ni bustani."

Nyumbani, Nzige alikaa ukingoni mwa kitanda, kichwa mikononi. "Mke wangu, yule ni mkwe. Nitamtazamaje usoni?"

"Utamtazama akiwa hai."

Akatoa. Akaniapisha nisimwambie mtu.

Mama akameza vidonge. Polepole akaanza kukaa, kisha kutembea, kisha kusengenya majirani. Hapo nikajua kapona. Siku aliyorudi mezani alikuwa na hotuba.

"Aliyenichangia si mtu wa hivi hivi. Nahisi utulivu humu ndani. Msomi yule, tena mwenye nasaba. Mtu kama huyo ndiye angekuoa wewe."

Mume wangu akanyoosha mkono. Mama akalivuta bakuli. "Waachie na wengine."

Uvumilivu ukanishinda. "Ndiye aliyenioa, Mama."

Kaka akapaliwa na maji. Mume wangu akainamia sahani yake kama mtu aliyeangusha kitu. Mama alinitazama mimi, akamtazama mkwewe, akalishika tumbo lake kwa mikono miwili. Nilidhani atatapika.

"Yule mtaalamu," alisema hatimaye, "si alisema ugonjwa huu hupenda kurudi?"

"Alisema."

Mama akalisukuma bakuli zima mpaka mbele ya Nzige.

"Mpakulie mwenzio, we mtoto. Kijiko kimoja kitamtosha nini?"