Meza ya Mzee Shibe

Swichi kuu ilijikata tena, ta!, na fundi umeme akaitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyemjibu mama yake jeuri mbele ya wageni. Aliiacha motor ipoe kidogo, akairudisha swichi, akabonyeza kitufe cha kijani. Motor ikanguruma, ikatetemeka, gurudumu lake likasaga reli bila kusogea hata upana wa kidole. Kisha ta! nyingine. Harufu ya waya uliopata joto ikampanda puani.

"Usinitazame," alimwambia mumewe.

"Nimekutazama wewe? Mimi naitazama injini."

"Basi usiitazame kwa jicho hilo."

Mumewe alikuwa fundi chuma. Pale kwenye makumbusho ya reli walimwita Mzee Kutu, maana kila jioni alitoka kazini mwekundu mpaka kwenye nyusi, na nyumbani mkewe alishamtengea taulo lake peke yake. Alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo, mkono wa kulia ameupakata kifuani, kama kawaida yake siku hizi.

Shimo lenyewe ni la duara, limejengwa kwa mawe, na lingeweza kumeza nyumba nzima. Ndani yake imelazwa meza ya kugeuzia injini: daraja la chuma lenye reli mgongoni, lililokalia mhimili mmoja tu pale katikati. Zamani injini ya treni ya mvuke ikifika mwisho wa njia ilipandishwa juu ya meza hiyo, ikageuzwa uso, ikarudi ilikotoka. Kwenye ncha zote mbili za meza kuna magurudumu madogo ya kuishikilia isiyumbe, na nguzo ndefu za kusukumia. Mzee Kutu alipenda kusema kwamba watu wawili walitosha kuizungusha na injini juu yake. Waliomsikia waliitikia kwa adabu, kisha wakaenda kusemezana pembeni kuwa mzee anatia chumvi.

Ni yeye aliyelifukua shimo hilo kutoka kwenye magugu na takataka. Aliisugua meza, akakata vyuma vilivyooza, akaunga vipya. Siku ya kuinua meza ili mhimili upakwe grisi, mnyororo uliteleza naye akauzuia kwa bega. Meza ilipona, bega halikupona. Daktari alimwambia waziwazi kuwa kusukuma na kuvuta, basi tena.

Jioni ile, akimvua mumewe shati taratibu kama mtoto, fundi umeme aliapa moyoni kwamba meza ile itazunguka, lakini si kwa mgongo wa mume wake. Ndipo alipounda kigari cha motor, kizito, chenye gurudumu lake lenyewe juu ya reli ya duara iliyo chini shimoni. Kilishikana na ncha ya meza kwa pini moja nene ya chuma, nacho kiliivuta meza kama punda avutavyo mkokoteni. Ukimuuliza kwa nini amehangaika hivyo, angekujibu kwamba amechoka kumsugua mtu dawa ya mgongo. Asikudanganye. Alimpenda yule bwana kupita kiasi.

Meza ikiwa tupu, kigari kiliizungusha bila shida. Leo ndiyo mara ya kwanza wameipandisha injini, na Ijumaa wajumbe wa bodi ya makumbusho wanakuja kuona. Injini isipozunguka mbele yao, shimo litafukiwa na kuwa maegesho ya magari. Mambo ni hayo, na mkuu wa makumbusho alikuwa ameyasema huku macho yake yakiwa chini, kwa sababu alikuwa mtu mwema na alijua kitakachofukiwa mle si mawe tu.

"Labda motor ni ndogo," mkuu alisema sasa. Alikuwa mtu msafi ajabu. Hakuweza kupita karibu na injini bila kutoa kitambaa mfukoni na kuifuta.

"Motor si ndogo, mkuu. Nimepiga hesabu mpaka kichwa kikauma."

"Na injini imesimama palepale," Mzee Kutu akaongeza. "Gurudumu la mbele limekanyaga alama."

Alama hiyo ilikuwa fahari yao wote. Ni mstari mweupe ambao Mzee Kutu aliukuta chini ya kutu, ubavuni mwa meza, na kando yake limeandikwa kwa mkono neno moja: SHIBE. Mkuu alifurahi kama aliyeokota hazina. Akaamua kwamba Shibe lazima alikuwa mfanyakazi wa zamani, tena mnene, aliyeandika jina lake mahali pake pa kazi, akatengenezesha bango zuri la kumkumbuka Mzee Shibe. Wageni walikuwa wakipiga picha nalo. Mzee Kutu mwenyewe alizipaka rangi upya zile herufi, moja moja, ulimi nje.

Fundi umeme alichomoa pini ya kigari ili motor ipumzike, akaitia mfukoni, akateremka shimoni. Alitoa kipande cha karatasi, akajaribu kukipenyeza chini ya magurudumu ya ncha ya mbele. Hakikupita. Magurudumu yalikuwa yamekandamizwa juu ya reli kana kwamba yamechomelewa. Akazunguka hadi ncha ya nyuma, upande wa tangi la injini. Huko magurudumu yalikuwa yananing'inia, na mwanga ulipita chini yake.

"Meza imeinama!" alipaza sauti. "Uzito wote uko mbele. Motor haivuti meza, inaburuta breki."

"Lakini iko kwenye alama," mumewe akasema kwa unyonge.

Fundi umeme akapanda juu akiwa amefura kwa hasira. Alimkasirikia Shibe, aliikasirikia alama, aliikasirikia Ijumaa. Akalipiga tangi la nyuma kofi la nguvu.

Likalia ngwaaa, kama debe tupu.

Akabaki na kiganja juu ya chuma. Akapiga tena, polepole.

"Mume wangu."

"Naam."

"Hii injini ilipokuwa kazini, humu mlikuwa na nini?"

"Maji, mama. Na makaa ya mawe juu yake. Maji tele."

"Na sasa?"

Mzee Kutu alikuwa ameigeukia ile alama, midomo ikimchezacheza. Kisha akajishika kichwa kwa mkono mzima.

"Mama wee! Shibe si mtu!"

"Si mtu?" mkuu akauliza.

"Ni shibe, mkuu! Shibe ya tumbo! Injini iliyoshiba maji inasimama hapa, uzito unakaa sawa. Sisi tumemsimamisha mwenye njaa kwenye alama ya walioshiba!"

Fundi umeme alicheka mpaka akakaa chini. Kosa lenyewe lilikuwa lao kabisa. Watu wengine wangeanza kwa kuulizia maji. Lakini hapo makumbusho, maji yalikuwa ndiye adui. Kazi yote ilikuwa kukausha, kufuta na kuziba, na hakuna aliyewahi kuwaza kwamba injini ile kuna siku ilikunywa.

"Maji?" Mkuu aliuliza, kitambaa kikiwa kimekunjwa mkononi. "Mnataka kuitia injini yangu maji?"

"Tangi nimeliziba mwenyewe," Mzee Kutu alisema. "Likivuja, nifukie humo shimoni pamoja na magari yenu."

Mkuu aliitazama injini yake kavu, inayong'aa. Halafu akaenda kuukokota mpira wa zimamoto kwa mikono yake mwenyewe.

Maji yakaanza kuingia. Fundi umeme alilala kifudifudi shimoni kwenye ncha ya mbele, karatasi mkononi. Mumewe, ambaye hakuna aliyethubutu kumzuia, alichukua kipande chake akaenda ncha ya nyuma. Juu yao maji yalivuma ndani ya tangi. Ribiti moja, msumari wa kuungia mabati ya tangi, ilianza kutoa machozi. Mkuu akaikimbilia na kitambaa, akaifuta, akaifuta tena, mwishowe akakata tamaa akakitia kitambaa mfukoni kikiwa kimelowa.

Karatasi haikupita, wala alipojaribu tena haikupita. Kisha chuma kikatoa sauti ambayo fundi umeme hakuwahi kuisikia, mguno mzito wa mtu anayegeuka kitandani, na baada yake pakawa kimya. Akasukuma karatasi. Ikaingia. Ikatokea upande wa pili, wala haikukunjamana.

"Huku imepita!" alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na huku bado inapita!" mumewe akajibu kutoka mbali. "Funga maji, mkuu! Funga!"

Hapo ndipo alipoelewa alichokuwa amelala chini yake. Injini, tangi, maji yote yale na daraja zima la chuma vilikuwa vimekaa juu ya nukta moja pale katikati, na huku pembeni havikugusa chochote. Aliogopa kupumua. Alikuwa amefanya kazi na umeme maisha yake yote, kitu kisichoonekana chenye nguvu ya kuua, lakini hakuwahi kujiona mdogo kama alivyojiona mle shimoni, wala kuufurahia udogo wake namna ile.

Alijipangusa magoti, akapanda kwenda kwenye swichi. Hajafika, akaona kivuli kinatembea juu ya mawe. Akainua macho. Bomba la moshi la injini lilikuwa linasogea, taratibu, likiliacha paa la karakana.

"Nani amewasha?" akapiga kelele. "Zima! Sijasema tayari!"

"Hongera, fundi!" mkuu alimjibu kutoka ng'ambo, machozi yakimlengalenga. "Motor yako haina hata kelele!"

Fundi umeme akatia mkono mfukoni. Pini ilikuwamo. Akageuka, akakiona kigari chake kimesimama peke yake kwenye reli ya duara, meza imeondoka imekiacha.

Kwenye ncha ya nyuma alikuwapo mumewe. Mkono wa kulia ameupakata. Wa kushoto ameuweka kwenye nguzo ya kusukumia, kiganja tu, naye anatembea wima kama mtu anayemsindikiza mgeni wa heshima mpaka mlangoni. Na lile dubwana lote la chuma lilikuwa linamfuata.

"Bega!" mkewe akapiga ukelele.

"Bega lina nini? Sijalitumia."

Alishuka mbio akaweka kiganja chake kando ya kile cha mumewe. Chuma kilikuwa na baridi, na kilisogea. Aliona ajabu kiasi kwamba hakuweza kuchagua kati ya kucheka na kulia, kwa hiyo akafanya vyote viwili, na mumewe akamwacha. Waliizungusha meza mpaka uso wa injini ukaitazama njia ilikotokea.

Ijumaa wajumbe wa bodi walikuja na viatu vyao vizuri. Fundi umeme alikiunga kigari kwa pini, akabonyeza kitufe, na motor ikaimba kwa raha kama isiyo na mzigo. Injini ikazunguka mbele yao, nao wakasimama midomo wazi. Mwenyekiti aliomba izungushwe tena, na tena, mwishowe akamwambia mkuu kwamba magari yatafutiwe pengine. Kuhusu bango, mkuu aliuliza kwa aibu kama aling'oe. Mzee Kutu akamwambia aliache, Mzee Shibe amefanya kazi kubwa.

Wageni wakaondoka. Uwanja ukabaki na wao wawili na ile injini iliyoshiba. Fundi umeme alianza kukunja nyaya, akahisi mtu amesimama mbele yake. Alikuwa mumewe, amenyoosha kiganja cha kushoto, anaitupia jicho la pembeni nguzo ya kusukumia kama mtoto anayetaka kitu na anaona haya kuomba.

Akaziacha nyaya. Akaenda kwenye kigari, akachomoa pini, akamwekea kiganjani.