Kanda Arobaini na Moja za Fundi Redio

Fundi redio alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Ufundi aliurithi kwa baba yake, pamoja na kibanda cha kazi, meza iliyojaa alama za moto, na sanduku la mbao lenye kanda. Hizo kanda hazikuwa za muziki. Zamani, simu zilipokuwa za wenye nazo tu, watu wa mtaa ule wenye ndugu mbali walirekodi maneno badala ya kuandika barua: salamu, habari za wagonjwa, posa, hata ugomvi. Redio ikiharibika ililetwa kwa fundi, kanda ikiwa bado imo tumboni. Redio zilirudi kwa wenyewe. Kanda zikabaki, moja leo, moja mwakani, mpaka zikafika arobaini na moja.

Jumatatu moja asubuhi wifi yake, yaani mke wa kaka yake, alitoka mbio kwenye duka la fotokopi alikokuwa mpiga chapa, milango miwili tu kutoka pale. Mkononi alikuwa na karatasi ambayo bado ilikuwa na joto la mashine.

"Weka chini hicho chuma chako unisikilize," alisema akihema. "Kuna watu wanatoa ruzuku ndogo ndogo kwa vikundi vya mitaani. Na si za kuku wala mboga. Ni za sanaa na historia."

"Historia na mimi wapi na wapi, wifi? Mimi shule niliishia mlangoni."

"Historia si hiyo hapo sandukuni mwako inaliwa na vumbi?"

Fundi alikiweka chuma cha kuchomelea pembeni. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuliona lile sanduku kuwa ni kitu. Kaka yake mwenyewe aliliita jaa. Akalivuta sanduku, akalipangusa vumbi.

Wakakubaliana palepale: watawatafuta wenye kanda, watazihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaoza, kisha watawaita watu wa mtaa wasikilize pamoja zile ambazo wenyewe wataziridhia. Lakini masharti nayo yalikuwapo. Fomu, muhuri wa kikundi kilichosajiliwa, na ridhaa ya maandishi ya wenye kanda wasiopungua watatu. Mwisho wa kupokea, Ijumaa saa kumi jioni.

Jioni ile ile wakakaa na fomu.

"Andika malengo mahususi," wifi akasoma.

"Watu wasikie sauti za watu wao."

"Hilo ni lengo kuu. Mahususi je?"

Fundi akafikiri. "Wasikie vizuri."

Wifi alicheka mpaka akashika meza, lakini aliandika: *kuboresha ubora wa sauti*. Kwenye maelezo ya mradi fundi alizungumza nusu saa nzima bila kumeza mate, na fomu ilitaka maneno mia mbili. Wifi akakata hapa, akapunguza pale, kama anayekata gauni la mtu mzima limtoshe mtoto. Alipomaliza akamsomea. Fundi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga.

"Ndiyo mimi huyo?"

"Ndiyo wewe. Sasa katafute sahihi."

Mbili zilipatikana kesho yake. Muuza magazeti aliitambua sauti ya mjomba wake kabla salamu hazijaisha, na mama mmoja mshona nguo alisaini huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. Ya tatu ndiyo ilikuwa kazi. Ilitoka kwenye redio ya seremala, mzee aliyefiwa na mkewe miaka mingi iliyopita, mtu wa maneno ya kuhesabu. Juu ya kanda, kwa mwandiko wa kike ulionyooka, palikuwa pameandikwa: *Mume wangu, usisikilize mbele za watu.*

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, fundi. Redio yangu ilishakufa, sina cha kukuletea."

"Leo nimekuletea mimi."

Seremala alipouona ule mwandiko aliiacha randa juu ya ubao. Alisoma, akasoma tena.

"Maneno haya hayakuandikiwa mtaa," alisema.

"Ni kweli, baba. Ndiyo maana sijaisikiliza." Akamwachia kanda pamoja na redio ndogo aliyokuja nayo, akamweleza habari za ruzuku, akaondoka.

Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Fundi hakwenda kumsumbua, lakini kila kivuli kilichopita mbele ya kibanda kilimfanya ainue kichwa, na siku hiyo alichomelea waya mmoja mara tatu mahali pasipo pake. Wifi akaanza kuuliza kama hakuna mwenye kanda mwingine, yeyote, hata wa mtaa wa pili.

Ijumaa adhuhuri seremala akatokea, amevaa koti juu ya nguo zenye vumbi la mbao.

"Alikuwa amekwenda kusomea ukunga," alisema bila kuketi. "Miezi tisa. Upande wa kwanza wote ananisema. Huo uchukueni, watu wasikie nilivyokuwa nikisemwa. Upande wa pili ni wangu."

"Upande wa pili ni wako, baba."

Akasaini, polepole, kila herufi peke yake.

Kilichofuata kilikuwa mbio. Muhuri alikuwa nao mwenyekiti wa kikundi chao cha akina mama, na mwenyekiti siku hiyo alikuwa saluni, kichwa kimo ndani ya mashine ya kukaushia nywele. Hakusikia hata neno moja. Wifi alimwonyesha fomu kwa vidole, mwenyekiti akaisoma yote, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupiga muhuri gizani, kisha akautoa kwenye mkoba wake na kuugonga juu ya paja. Walifika ofisini kwa watoa ruzuku saa kumi kasoro dakika nane, wifi kiatu mkononi.

Baada ya majuma mawili wakaitwa wajieleze. Nyuma ya meza walikaa watu watatu, na aliyekaa katikati, mama mmoja mwenye sauti ya upole, aliomba wasikie japo kidogo. Fundi akaweka kanda ya seremala, upande wa kwanza. Mkwaruzo, kisha sauti ya mwanamke, safi kabisa:

"Mume wangu, salamu baadaye. Kwanza nauliza, kuku umewafungia?"

Wote watatu wakacheka. Papo hapo sauti ikazama, ikawa nzito, ikakatika. Redio ilikuwa imeutafuna utepe.

Wifi alifumba macho. Fundi aliinama akaanza kuuvuta ule utepe taratibu, kidogo kidogo, kama anayemtoa mtoto mwiba.

"Naomba penseli," alisema.

Yule mama akampa ya kwake. Fundi akaichomeka kwenye tundu la kanda, akawa anazungusha huku akisema, bila kumtazama mtu: "Kila mwaka utepe unazidi kulegea. Mwaka huu naweza kuuokoa. Mwaka kesho siwezi kukuahidini."

Akairudisha kanda. Mke wa seremala akaendelea kusema, sasa habari za mlango wa jikoni. Karatasi ya maswali ilikuwa bado na mistari mingi, lakini yule mama aliigeuza kifudifudi.

Ruzuku ilikuja. Mashine ya kuhamishia sauti walikubaliwa, ukumbi walinyimwa. Seremala aliposikia alisogeza mbao zake ukutani na kusema karakana yake ina nafasi.

Jumamosi alasiri watu walijaa mpaka wengine wakakalia makasha. Mwenye kanda mwenyewe alikaa mbele na koti lake, na kila mkewe alipomsema kicheko kilizunguka chumba kizima, naye akitikisa kichwa kukubali mashtaka. Jirani mmoja akauliza upande wa pili una nini.

"Umeharibika," alisema seremala.

Jirani akamgeukia fundi. "Hautengenezeki," fundi akathibitisha, uso mkavu.

Watu walipoanza kutawanyika, bibi mmoja alibaki, mkono umeshika kipaza sauti kipya kilichokuja na ile mashine. Alikuwa na mjukuu ng'ambo ambaye hajamwona tangu akinyonya.

"Niseme nini?" aliuliza.

"Sema unachotaka akisikie, bibi."

Bibi akavuta pumzi, akafungua mdomo, akaufunga. "Basi zima kwanza," alisema, "nikae vizuri. Nina mengi."