Miguu Sitini na Minane

Mume wangu alikufa akiwa ameacha karakanani vikalio ishirini vya mviringo na miguu sitini na minane, yote imeshapigwa msasa. Ilikuwa oda ya stuli za mgahawa. Hakuandika chochote. Hesabu zake alizibeba kichwani, na miezi ya mwisho watu walianza kunong'ona kwamba kichwa chenyewe kimechoka.

Mdogo wake alikuja kumalizia kazi. Akahesabu, akaguna.

"Stuli ishirini ni miguu themanini. Kaka alikosea, shemeji. Ugonjwa ulishamchezea akili."

"Hakukosea."

"Basi kumi na miwili imeliwa na panya. Panya wa hapa wana meno."

Sikucheka. Marehemu alikuwa akitengeneza za miguu mitatu pia, kwa kuwa hizo haziyumbi hata chini pakiwa na mabonde. Nikachukua chaki, nikainamia meza yake ya kazi. Za miguu mitatu nikaziita x, za minne y. x na y ni ishirini. 3x na 4y ni sitini na nane. Shuleni tulifundishwa kuondoa kimoja ili kingine kionekane. Nikazidisha mlinganyo wa kwanza kwa tatu, nikautoa kwenye wa pili. y ikabaki peke yake: nane. Basi x ni kumi na mbili.

"Chaki hiyo, shemeji," akasema. "Chaki haikatai kitu."

Nikaenda mgahawani. Ndani, kwenye saruji, meza mbili. Nje, kwenye changarawe, meza tatu. Kila meza ni ya watu wanne.

"Alikuja akakanyagakanyaga huku na huko," mwenye mgahawa akaniambia, "akasema, niachie mimi, mama. Nikamwachia."

Nane ndani, kumi na mbili nje. Akili yake ilikuwa timamu mpaka mwisho.

Nilirudi mbiombio, kama mtu mwenye habari ya kumpasha mwenzake. Nikasukuma mlango wa karakana, maneno yakiwa ulimini. Shemeji akainua macho, keekee mkononi.

"Haya, tunatoboaje?"

"Vikalio kumi na viwili, matundu matatu. Vinane, manne."

Akainama, akaanza kutoboa. Mimi nikabaki mlangoni, nikihema. Niliyemkimbilia hakuwemo.