Herufi Mbili za Gorreti

Kanisa zima la Mafubira, pembeni mwa mji wa Jinja, lilimwombea Gorreti Nabifo kabla hajaenda Uingereza. Mchungaji aliikemea dhoruba, akaziamuru injini zisizime, akawafunga mikono watekaji nyara wote wa duniani. Kitu alichosahau kukiombea ni tahajia.

Ndiyo maana, siku mbili tu baada ya kuagwa kwa pilau na mbuzi mzima, majirani walimwona akishuka kwenye teksi na sanduku lake la bluu, uso umemvimba kwa hasira.

"Umesharudi?" aliuliza Mama Waiswa, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Kumbe Ulaya ni karibu hivyo!"

"Ulaya imenikataa," Gorreti alisema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Ilikuwa mwaka 1999. Gorreti alikuwa amestaafu Idara ya Magereza baada ya miaka ishirini na sita, na wengi bado walimwita afande. Binti yake, Phiona, alikuwa muuguzi mjini Leeds, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imebakiza siku chache. Gorreti alikuwa na kazi moja tu huko: kumwogesha mjukuu kabla Wazungu hawajamwogesha vibaya.

Tiketi aliinunua Mbale, alipokwenda kumwona kaka yake. Juu ya duka la jumla la sukari aliona bango jipya: TIKETI ZA NDEGE KWA INTERNETI, RAHISI KULIKO KAMPALA. Akapanda ngazi. Humo ofisini mlikuwa na kijana nadhifu aitwaye Jamil, na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya bibi harusi. Gorreti akajaza fomu, akalipa. Wiki tatu baadaye, siku moja kabla ya safari, tiketi ikamfikia kwa basi ndani ya bahasha.

Pale Entebbe, mfanyakazi wa shirika la ndege, kijana mpole aitwaye Conrad, aliitazama pasipoti, akaitazama tiketi, kisha akamtazama yeye.

"Mama, tiketi hii ni ya Golleti."

"Ndiye mimi."

"Lakini pasipoti inasema Gorreti."

"Huyo pia ni mimi."

"Huwezi kuwa wote wawili, mama."

Maishani mwake Gorreti alikuwa ametukanwa na wezi, wachawi na wake wa mabrigedia, lakini hakuna aliyewahi kumshtaki kwa kuwa watu wawili. Alibishana hadi sauti ikamkauka. Conrad alishikilia neno lake: wao hawakuuza tiketi ile, wakala ndiye aliyeiuza, basi wakala ndiye wa kuirekebisha. Ndege ikaruka. Kiti cha Gorreti kikaenda London peke yake, na bila shaka kikapewa chakula.

Kesho yake asubuhi alikuwa Mbale, juu ya duka la sukari.

"Pole sana, mama," Jamil alisema baada ya kusikia kisa chote. "Kwa kweli imeniuma. Lakini sisi ni wakala tu. Ndege si yetu."

"Wenye ndege wamesema tiketi si yao."

"Ni kweli. Tiketi ni ya kampuni ya interneti. Mimi napeleka jina, wao wanatoa tiketi."

"Ofisi yao iko wapi?"

"Haina ofisi, mama. Iko kwenye interneti."

"Mlango?"

"Haupo."

"Yaani umechukua pesa yangu ukaipeleka kwa watu wasio na mlango."

Jamil akaondoa kitambaa kwenye kompyuta ili kumwonyesha juhudi zake. Alikuwa ameandika barua kwa kampuni hiyo jana jioni, baada ya Gorreti kumpigia simu kutoka Jinja, na jibu lilikuja papo hapo. Gorreti akavaa miwani. Kampuni ilimshukuru mteja wake mpendwa, ikampa namba yenye tarakimu kumi na moja, ikaahidi kujibu ndani ya siku ishirini na moja za kazi.

"Siku hizo mtoto atakuwa ameanza kucheka," alisema.

"Halafu kuna hili, mama." Jamil aligeuza risiti. Nyuma yake palikuwa na maandishi madogo kama sisimizi: abiria ahakikishe jina lake mwenyewe, kampuni haitawajibika kwa kosa lolote.

Hapo kitu kilimchoma Gorreti. Tiketi ilipofika aliangalia tarehe, akaangalia saa, akaibusu. Jina hakulisoma. Yeye, aliyesoma hati za wafungwa maelfu bila kupitwa na nukta! Lakini hilo hakumwambia Jamil. Badala yake aliacha Kiingereza walichokuwa wakizungumza, akaingia kwenye Kiswahili. Kilugha cha nyumbani alikiweka kwa misiba na mapenzi, Kiingereza kwa ajili ya fomu, na Kiswahili kwa ajili ya kumrudisha mtu kwenye mstari.

"Sikiliza, bwana. Mimi nilikaa mapokezi ya gereza. Polisi wanaleta mtu, karatasi inasema Odongo, mtu anasema yeye ni Ojok. Unafikiri nilimwambia mfungwa, haya, shika njia, nenda kamtafute hakimu? Nilimrudisha na polisi yule yule aliyemleta. Aliyeleta mtu ndiye anayejibu."

"Sasa mimi ndiye polisi?"

"Wewe ndiye uliyepokea pesa. Leta fomu niliyojaza."

Jamil akapekua jalada, akaitoa. Herufi kubwa, wino mweusi, mkono wa Gorreti mwenyewe.

"Soma jina hapo."

"Golleti," alisoma Jamil.

"Soma tena."

"Golleti," alisoma tena, kwa uangalifu zaidi.

Gorreti alitaka kucheka, akajizuia. Mama yake mzazi, kama wengi wa kwao ambao r na l kwao ni herufi moja, alimwita Golleti hadi siku aliyokata roho. Lakini mama yake hakuwa akiuza tiketi za ndege.

Akavuta kiti hadi mlangoni, akaketi, akauweka mkoba mapajani. Hakupiga kelele. Dakika kumi baadaye alipanda mama mmoja wa Kiislamu, mfanyabiashara wa vitenge, bahasha mkononi.

"Unakwenda wapi, dada?" Gorreti alimuuliza kwa upole.

"Dubai, inshallah."

"Heri. Jina lako nani?"

"Nulu."

"Na kwenye pasipoti?"

"Nuru."

Gorreti akamtazama Jamil. Jamil akatazama dari.

"Kabla hujalipa, dada yangu, hebu nikusomee nyuma ya risiti," alisema Gorreti, akasoma yote kwa sauti ya gwaride, neno kwa neno. Hata wapakuzi wa sukari kule chini waliacha kazi wakasikiliza. Alipomaliza, Nulu alirudisha bahasha yake kifuani, akashuka ngazi haraka kuliko alivyopanda.

Wa pili akashuka vivyo hivyo. Wa tatu alirudia njiani, kwa kuwa habari ilishafika sokoni.

Saa sita Jamil akainua simu. Akaongea na ofisi ya shirika la ndege Kampala, akajibu "ndiyo" mara nyingi, kila moja ikiwa ndogo kuliko iliyotangulia. Alipoweka simu chini hakumwangalia Gorreti machoni.

"Wanasema inawezekana. Nitume faksi ya pasipoti yako na ya fomu, niandike kwamba kosa ni langu, nisaini. Gharama za kubadilisha nilipe mimi."

"Ulijua hilo tangu jana?"

"Nilijua kidogo, afande."

"Basi saini kidogo."

Akasaini. Nafasi ikapatikana Jumamosi.

"Na wewe utanisindikiza Entebbe," Gorreti alisema.

"Mimi? Faksi inatosha!"

"Faksi haina shingo ya kukamatwa."

Ijumaa, Gorreti alikuwa akifunga sanduku alipoitwa kwenye simu ya Mama Waiswa. Phiona alikuwa amejifungua msichana, kilo tatu na nusu, kabla ya wakati wake. Gorreti akashangilia kwa vigelegele hadi kuku wa jirani wakatawanyika, kisha akakaa kitandani akalia. Angekuwa huko. Alipaswa kuwa huko tangu Jumanne.

Jumamosi, Jamil alifika Entebbe akiwa na suti na tai. Alikaza macho kwenye milango inayofunguka yenyewe kama mtu aliyeona shetani, na ndipo Gorreti alipogundua kwamba kijana huyu, muuza mbingu kwa miaka miwili, hajawahi kuona uwanja wa ndege.

"Mjukuu wangu amezaliwa jana," alimwambia kwenye foleni. "Sikuwepo kwa sababu yako."

Jamil hakutafuta kampuni wala kompyuta ya kusingizia. "Nimekosa, afande. Nisamehe."

"Bado sijakusamehe. Beba sanduku."

Akalibeba. Conrad akasoma tiketi mpya herufi kwa herufi, akagonga muhuri. Gorreti akapita bila kugeuka nyuma.

Jumapili, huko Leeds, mkwewe Lawrence alimwandalia maji vuguvugu katika beseni la kuoshea vyombo. Gorreti alikunja mikono ya gauni, akampokea mtoto, akamtumbukiza taratibu. Mtoto akafungua mdomo akapiga yowe la hasira lililojaza jiko zima.

"Lia, mama," Gorreti alimwambia kwa kilugha cha nyumbani. "Lia wakusikie."